Nyumba ya Mapadre ya Bagamoyo ina ghorofa ngapi?

Msomaji wetu ameona Nyumba ya Mapadre katika misheni kongwe ya Bagamoyo ikitajwa mahali pamoja kuwa jengo la ghorofa mbili, na mahali pengine la ghorofa tatu. Anauliza ni nani aliyekosea.

Wote wawili wamelitazama jengo lile lile, ila hawakuanza kuhesabu mahali pamoja. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kuijenga nyumba hiyo mwaka 1873, miaka mitano baada ya kufungua misheni yao, na tabaka la juu kabisa liliongezwa mwaka 1903, ndiyo maana anayesimama uani leo huona matabaka matatu yaliyopandana.

Neno ghorofa, ambalo wengine hulitamka orofa, asili yake ni Kiarabu, ghurfa, yaani chumba, hasa kile cha juu, na maana hiyo ya juu haijatutoka. Nyumba isiyo na ngazi haiitwi nyumba ya ghorofa moja. Ni nyumba ya chini, basi. Aliyepanda ngazi mara moja ndiye aliyefika ghorofa ya kwanza. Kwa hesabu hiyo, ambayo ndiyo ninayoitetea, kilichoongezwa mwaka 1903 ni ghorofa ya pili, na nyumba nzima ni ya ghorofa mbili.

Nadhani ile ya tatu imeletwa na tafsiri. Kiingereza kina neno la tabaka la jengo, linalohesabiwa tangu ardhini, na jingine la sakafu, ambalo Waingereza huanza kulihesabu juu ya ile ya chini ilhali Wamarekani huanza na hiyo hiyo ya chini. Sisi maneno yote mawili tumeyabebesha ghorofa. Hata Biblia ya Union, katika Matendo ya Mitume 20:9, inamwangusha kijana Eutiko kutoka orofa ya tatu bila kutuambia kama ya chini imo katika hesabu.

Mwandishi wa historia ya majengo asimwachie msomaji kazi ya kukisia. Aitaje sehemu ya chini waziwazi. Mimi ningeandika hivi: "Nyumba ilikuwa na sehemu ya chini na ghorofa moja, ghorofa ya pili iliongezwa mwaka 1903."