Boxer 150 kutoka Dar hadi Mbamba Bay: anza na gurudumu la nyuma

Mkuu, umeuliza kama pikipiki ya Boxer BM 150 yenye kilomita 18,000 inaweza kukufikisha Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, kutoka Dar, ukiwa peke yako na mzigo wa wiki mbili, na kama kumwaga oili tu kunatosha. Kufika inafika. Kumwaga oili tu hakutoshi, na injini siyo mahali pa kuanzia.

Anza na gurudumu la nyuma. Ukishafunga mzigo, sehemu kubwa ya uzito, wako na wa mabegi, inalalia huko, na huko huko ndiko nguvu ya injini inakopitia. Pikipiki ndogo zinazolala njiani nyingi zimeshindwa na tyubu, spoku, beringi au mnyororo. Piga stendi kubwa, litoe gurudumu zima, ulitazame kwa mikono.

Tairi la 3.00-17 likiwa limeisha katikati, badilisha hata kama lingetembea mjini miezi miwili zaidi. Tafuta la pleti sita (tabaka sita). Ndani ya rimu lazima kuwe na utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku. Ukikosekana au ukiwa umehama, vichwa vinasugua tyubu hadi kuitoboa, na utaziba pancha tatu bila kuona msumari. Fundi akishatoa tairi, apake poda ndani, aijaze tyubu upepo kidogo kabla ya kuiingiza isije ikajikunja, na amalizie kulibana tairi upande wa vavu huku akiisukuma vavu ndani. Akimalizia upande mwingine, liva ya kupandishia tairi inaikamata tyubu kirahisi. Nati ya vavu usiikaze hadi kwenye rimu. Iache juu, karibu na kifuniko. Siku ukiona vavu imelala upande, ujue tairi linateleza juu ya rimu kwa sababu upepo ni mdogo, na tyubu iko karibu kukatika shingoni. Shingo ikikatika haizibiki.

Upepo: mbele psi 25, nyuma psi 32 ukiwa na mzigo. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa geji yako mwenyewe. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja ubavuni kila mzunguko, linapata joto, na kwenye lami ya mchana kati ya Chalinze na Morogoro joto hilo linaimaliza tyubu.

Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia "ting", iliyolegea inatoa mlio mzito uliokufa. Kaza robo mzunguko kwa mara moja, kisha zungusha rimu uone kama inayumba. Usimruhusu mtu azikaze zote kwa nguvu kwa pamoja, atakupinda rimu. Beringi nazo: ingiza kidole katikati uzungushe. Ukisikia mchanga au kukwama, badilisha zote mbili. Hapo hapo angalia raba za habu (kitovu cha gurudumu) zinazopokea mshtuko wa spoketi, yaani gia la meno linalovutwa na mnyororo. Zikiisha, spoketi inacheza na mnyororo unavutwa kwa kushtuka shtuka.

Mnyororo upime kwa rula. Mnyororo wa 428 ukiwa mpya, pingili 20 ni milimita 254. Zikifika 259, umekwisha. Badilisha seti nzima, mnyororo na spoketi zote mbili, kwani mnyororo mpya kwenye meno yaliyochongoka unaharibika kabla hujafika Iringa. Klipu ya kuungia mnyororo, upande wake uliofunga uelekee mnyororo unakokwenda. Ulegevu uwe sentimita 2 hadi 3, na uupime ukiwa umekaa juu na mzigo umefungwa, maana shokapu zikishuka mnyororo unakaza. Watu wengi wanapima pikipiki ikiwa tupu, kisha wanashangaa sili ya spoketi ya mbele inaanza kuvujisha oili. Njiani upake oili nzito ya gia kila jioni mnyororo ukiwa bado na joto, ndipo inapopenya ndani ya pingili. Ukipaka asubuhi na kuondoka, nusu inaishia kwenye rimu na suruali.

Sasa injini. Nafasi ya vavu za injini ipimwe ikiwa ya baridi kabisa, kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Fundi anayepima kwa kutikisa kwa kidole mshukuru na uende kwa mwingine. Vavu iliyobana haifungi sawasawa injini ikipata moto, inavuja gesi ya moto na kuungua, na unaanza kuona nguvu zinapotea kwenye kilima huku pikipiki ikiwa ngumu kuwaka. Oili 20W-50 mpya, plagi mpya, na ile ya zamani iweke akiba kama bado nzima. Kichujio cha hewa cha sponji osha kwa mafuta ya taa, kikaushe, kipake oili kidogo na kukikamua. Cha karatasi badilisha.

Kebo ya klachi nunua mpya, uilaze sambamba na ile ya zamani na kuifunga kwa tepu. Ya zamani ikikatika, unahamisha ncha mbili tu na kuendelea.

Kazi zote hizi ziishe wiki mbili kabla. Kisha funga mzigo kamili kama wa safari, nenda Chalinze urudi. Ukirudi kaza spoku tena, pima mnyororo tena, kagua kila nati ya keria na ya injini. Kifaa kibovu kutoka dukani kinajionyesha mapema, na ni afadhali kijionyeshe ukiwa karibu na fundi wako.

Mzigo: kizito kikae kwenye siti nyuma ya mgongo wako, chepesi kwenye keria. Ukiweka kilo 20 nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inaanza kucheza ukipishana na basi. Pia ndivyo welding ya keria inavyokatika. Mabegi ya pembeni yapime kwa mzani wa kuning'iniza, yasipishane zaidi ya kilo moja, na lile la upande wa egzosi liwekewe bati la kulikinga. Mikanda ya kufungia ni bora kuliko vipande vya tyubu. Ncha zake zifunge fundo, zikining'inia zinaingia kwenye mnyororo.

Vifaa vya kubeba usinakili orodha ya mtu. Chukua spana ulizo nazo, zitoe uani, uvue gurudumu la nyuma, utoe tyubu na kuirudisha bila msaada. Kila kifaa utakachoazima ndicho kinachokosekana kwenye mfuko. Ongeza tyubu mbili za 2.75/3.00-17 (zinaingia mbele na nyuma), pampu, viraka, tyubu ya solushen ambayo haijafunguliwa kwa sababu ikishafunguliwa inakauka, klipu mbili za mnyororo, balbu, fyuzi, nusu lita ya oili, waya wa kufungia na gundi ya chuma.

Njia yenyewe ni lami hadi ziwani, zaidi ya kilomita 1,100. Igawanye: Dar hadi mji wa Mikumi, kisha Mafinga, Njombe, Songea, Mbamba Bay. Tembea kilomita 65 hadi 75 kwa saa, injini inayopozwa kwa hewa isikimbizwe hadi mwisho saa nzima, na kila asubuhi angalia oili. Ndani ya hifadhi ya Mikumi pita mchana. Tembo akiwa barabarani simama mbali, usipige honi, subiri gari lipite kwanza. Mafuta jaza kila kilomita 250, na ujaze Mbinga kabla ya kuteremka ziwani.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Huko kabureta inapata hewa nyepesi, mchanganyiko unazidi mafuta, na pikipiki itahisi imechoka. Hilo ni la kawaida, usiruhusu mtu aguse skrubu za kabureta. Ukishuka inarudi yenyewe. Baridi ya Juni hadi Agosti ndiyo ya kuogopa zaidi: vidole vikifa ganzi huwezi kushika klachi wala breki. Glavu nzito, koti la mvua la vipande viwili ulivae hata bila mvua maana linazuia upepo, buti zinazofunika kifundo, helmeti yenye kioo kisicho na mikwaruzo. Leseni, kadi na bima ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji.

Kwenda utaupanda mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, nyuma ya malori: gia ya pili, usishikilie klachi nusu nusu. Kurudi ndiko kwenye hatari. Shuka kwa gia ile ile uliyopandia, usiweke nyutro, na breki ibane kwa vipindi vifupi. Breki ya ngoma ikishikiliwa mfululizo inapata moto na kuacha kukamata. Ukisikia kanyagio linashuka chini kuliko kawaida, simama pembeni mahali papana, iache ipoe yenyewe bila kumwagia maji, na urekebishe nati ya breki baada ya kupoa.