Nyie Mona Lisa, mimi Colonie Belge ya Lubumbashi

Mleta uzi kauliza picha gani ya kuchora unaikubali kuliko zote na kwa nini. Naona wengi mmeweka Mona Lisa na kuna waliokomaa na tingatinga, poa, mimi yangu inaitwa Colonie Belge. Utaikuta ukiitafuta kwa jina hilo, ila angalia hasa zile za Tshibumba Kanda Matulu, jamaa wa Lubumbashi kule Kongo, kazaliwa 1947.

Mimi sio msanii wala sijasomea hayo mambo. Nilikuwa kwenye mambo ya mizigo, Dar, Tunduma, Kasumbalesa mpaka Lubumbashi, na kule ukikwama na makaratasi unakwama kweli, kwa hiyo unazoeana na watu mpaka unakaribishwa kula majumbani. Nyumba ya mzee mmoja ndo niliiona ukutani, juu kabisa ya kochi, sehemu ambayo sisi tungeweka picha ya harusi au kalenda ya benki.

Sasa sikia kilichomo. Ni uani gerezani. Mfungwa kalazwa kifudifudi, kaptula imeshushwa, matako yana michirizi myekundu, na askari mweusi mwenye kofia nyekundu kanyanyua kiboko juu. Wafungwa wengine wamevaa mistari ya njano na nyeusi wanaendelea na kazi kama hawaoni. Pembeni wanawake wameleta chakula. Bendera ya Ubelgiji inapepea, na chini yake kasimama mzungu na kofia yake ya jua, kiko mdomoni, hafanyi chochote. Hapo ndo picha ilinikamata. Hapigi, hafoki, hata hanyooshi kidole, yani anaangalia tu kama mtu anayesubiri chai ichemke. Anayechapa ni mweusi mwenzetu na anayechapwa ni mweusi mwenzetu, na mwenye shamba yuko pembeni msafi kabisa. Mimi historia ya ukoloni nimeisoma shuleni mpaka nikafanyia mtihani, ila ule mpangilio wa nani anashika fimbo na nani anashika kiko sikuwahi kuuelewa vile.

Kuna atakayekuja kusema mbona mchoro wenyewe wa kitoto, mikono mirefu, nyuso hazina hisia. Ni kweli nyuso hazina hisia, na ndo nguvu yake hiyo. Angechora mtu analia ungemwonea huruma ukaendelea na maisha. Hapa hakuna anayelia, ni siku ya kawaida tu kazini. Afu ujue hizi zilikuwa zinachorwa kwenye kitambaa cha magunia ya unga, sio turubai za wasanii. Ile ya mzee ukiisogelea unaona rangi imezama kwenye nyuzi, kwenye bendera imepakwa nene mpaka inang'aa, ila kwenye ardhi kapaka kidogo kidogo, nadhani alikuwa anabana matumizi.

Nikamuuliza mzee, baba, hii si inawaharibia watu hamu ya kula? Akacheka, akasema kwa Kiswahili chao, "Ile ni ukumbusho, mutoto. Ba baba balikuwa banapigwa vile." Akaendelea kumega bukari, ugali wao.

Kitu kingine, picha hii sio moja. Tshibumba kairudia mara nyingi na wachoraji wengine wa pale nao waliichora, kwa sababu miaka ya 60 na 70 watu wa kawaida wa Lubumbashi ndo walikuwa wateja, wananunua bei ya kawaida wanatundika sebuleni, kama walivyonunua mamba muntu, yule nguva wao. Watu wa magalari wanaona kurudia ni udhaifu. Mimi naona ukichora kitu kimoja kila wiki na bado mtaa unakitaka, basi umegusa penyewe.

Zingine zimeandikwa kabisa Colonie Belge 1885-1959. Uhuru wao ni 30 Juni 1960, kwa hiyo jamaa kaufunga ukoloni na mwaka wa mwisho waliochapwa mwaka mzima, hivyo ndo ninavyoisoma mimi, mwenye maoni mengine alete.

Na Tshibumba alijiona mwanahistoria kabisa. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa anafundisha chuo kikuu pale Lubumbashi, historia nzima ya nchi, picha kama mia moja, toka kabla ya wazungu, mgomo wa wachimba migodi 1941 walipomiminiwa risasi, Lumumba, mpaka enzi za Mobutu, huku anamsimulia picha moja moja kwa Kiswahili. Mazungumzo hayo yalirekodiwa, yakaja kuchapishwa kama kitabu 1996. Tshibumba mwenyewe akapotea mwanzoni mwa miaka ya 80 na hakuna aliyepata habari zake tena. Zile picha ziko makumbusho huko Amsterdam, jambo ambalo linaniuma kidogo, maana ni safari ndefu kwa mtu wa Lubumbashi kwenda kuona picha ya babu yake anachapwa.

Nilitaka ninunue ile ya mzee, akakataa kata kata. Kwa hiyo kama kuna mdau anapiga ruti ya Lubumbashi na anajua pa kupata ya zamani, sio hizi zinazochorwa kwa ajili ya watalii, anicheki inbox.