Re: Oili kwenye injini baada ya sevisi, inavuja au ilimwagwa?

Ndugu, kwa kuwa umeiona oili kwenye injini siku mbili tu baada ya sevisi, usikubali kuuziwa gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) kabla ya kupima kama inavuja kweli. Oili iliyomwagwa wakati wa kujaza huanzia kwenye kifuniko cha kujazia oili, hushuka upande mmoja, ikigusa ekzosti hufuka moshi, kisha huisha. Inayovuja hurudi kila ukiipangusa, na ikikaa hushika vumbi na kuwa tope jeusi.

Injini ikiwa baridi, isafishe kwa degrisa (dawa ya kuondoa grisi) na kitambaa mpaka ikauke. Soma dipstiki (kijiti cha kupimia oili) gari likiwa mahali tambarare. Endesha nusu saa, Thika Road itatosha, halafu mulika tochi kuanzia juu. Upepo husukuma oili nyuma, kwa hiyo usidhani inatoka pale inapodondokea. Usiku laza kadibodi chini ya injini uone kama kuna matone.

Baada ya sevisi mimi hushuku filta ya oili kwanza. Raba ya filta kuukuu ikibaki imeganda kwenye injini, mpya hukalia juu yake na oili hufyatuka kwa presha. Ukiona hivyo, au taa ya oili ikiwaka, zima injini papo hapo.