Masharti yaandikwe watu wakiwa bado ndani

Swali lenu la wiki hii linauliza halmashauri ya jiji ijibu nini inapoletewa pendekezo la kuvunja na kujenga upya soko, kota au stendi iliyo kwenye ardhi ya umma katikati ya mji. Jibu langu ni kwamba isiseme ndiyo wala hapana mpaka iwe na vitu vitatu mezani: daftari la watu waliopo, thamani ya ardhi, na uwezo wa mabomba na barabara za eneo hilo. Na vyote vikamilike kabla mtu yeyote hajaambiwa afungashe. Uwanja ukishazungushiwa mabati, halmashauri haina tena cha kumbana mwekezaji, na mwananchi ndiyo kabisa.

Tazameni Magomeni Kota, Dar es Salaam. Kaya 644 ziliondolewa kwenye kota za Manispaa ya Kinondoni mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ahadi ya nyumba mpya. Miaka ikapita bila jengo. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaingilia kati, kazi ikapewa Wakala wa Majengo (TBA), na maghorofa yakazinduliwa na Rais Samia Machi 2022. Ni karibu miaka kumi watu wakihangaika na kodi mitaani. Ilichukua marais wawili kutimiza jambo ambalo lilipaswa kuwa kwenye mkataba wa halmashauri siku ya kwanza: nani anarudi, lini, kwa bei gani, na nani analipa kodi yake akiwa nje. Pamoja na hayo, idadi ya kaya ilikuwa inajulikana na wakazi walishikamana nayo. Bila orodha ile, sioni wangerudi vipi.

Kwa hiyo daftari ndilo kazi ya kwanza, na ndiyo kazi inayochezewa kuliko zote. Halmashauri itangaze tarehe ya ukomo, yaani siku ambayo atakayeingia baada yake hahesabiki, kisha ihesabu siku hiyo hiyo na inayofuata, si wiki tatu baadaye. Kila mlango au kizimba kipewe namba ya rangi ukutani na mtu apigwe picha akiwa mbele yake. Namba ya NIDA iandikwe, pamoja na namba ya mkataba kama upo. Kwenye soko, wahesabuji warudi alfajiri na jioni, maana mfanyabiashara wa mboga wa saa kumi na moja asubuhi si yule wa saa kumi jioni, ingawa meza ni moja. Orodha ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na getini kwa siku 21, pingamizi zisikilizwe hadharani, halafu kila ukurasa usainiwe na mtendaji, mwenyekiti wa mtaa na wawakilishi wa waliohesabiwa. Nakala moja ibaki kwa wananchi wenyewe. Orodha inayokaa kwenye droo ya ofisa mmoja huongezeka majina.

Ugumu wenyewe uko hapa: kwenye masoko yetu mengi, jina lililo kwenye kitabu cha halmashauri si la mtu anayeuza. Mwenye jina amepangisha fremu kwa mara kadhaa ya kodi anayoilipa yeye, tena kwa kilemba, yaani fedha ya kuachiwa nafasi. Jengo jipya likikamilika, wote wawili wanadai. Basi daftari liwe na safu tatu: mwenye mkataba, anayefanya biashara kweli, na wanaoishi kwa eneo hilo bila fremu, kama mama lishe na wabeba mizigo. Baraza la Madiwani liamue kabla ya kuvunja ni safu ipi inarudi. Msimamo wangu ni kwamba arudi anayeuza. Mwenye mkataba ambaye hajakanyaga sokoni kwa miaka amekwisha kuvuna vya kutosha kutoka kwenye mali ya umma. Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, likakarabatiwa na kujengwa jengo jipya pembeni. Orodha ya wanaorejea ilipotangazwa mwaka 2024, wafanyabiashara waliandamana wakisema majina yao hayamo. Orodha ikitoka mwishoni, ugomvi nao huja mwishoni, wakati milango iko tayari na kila mtu ana haraka.

Sasa thamani. Hapa halmashauri hupoteza mali bila kuibiwa hata tofali. Chukua kiwanja cha mita za mraba 4,000 chenye thamani ya shilingi milioni 2 kwa mita, jumla bilioni 8. Mwekezaji anataka kujenga mita za mraba 12,000 za sakafu. Kama ujenzi unagharimu bilioni 24, mradi mzima ni bilioni 32, na ardhi, ambayo ndiyo mchango wa halmashauri kwenye ubia, ni robo yake: halmashauri inastahili robo ya sakafu, mita 3,000. Mwekezaji akiandika gharama ni bilioni 40, jumla inakuwa 48 na sehemu ya halmashauri inashuka hadi mita 2,000. Mita 1,000 zimeyeyuka kwenye karatasi. Dawa yake ni mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa gharama za ujenzi, anayelipwa na halmashauri, si na mwekezaji, apitie mchanganuo kipengele kwa kipengele.

Upande wa pili wa hesabu ni ardhi yenyewe. Kiwanja kikithaminiwa kama uwanja wenye vibanda, bei ni ndogo. Kikithaminiwa kwa ghorofa zitakazoruhusiwa, ni nyingine kabisa. Anayeruhusu ghorofa hizo ni halmashauri yenyewe, kwa hiyo ongezeko hilo la thamani ni la umma. Uthamini ufanywe kwa matumizi mapya na uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali kabla ya mazungumzo ya mgawanyo. Na hata kama mwekezaji amekuja mwenyewe na andiko zuri, ashindanishwe na wengine. Ofa ya kwanza haina cha kulinganishwa nayo.

Mabomba nitayapitia haraka. Barua za mamlaka ya maji na TANESCO zitaje kiasi: lita ngapi kwa siku, kilovolti-ampia (kipimo cha uwezo wa umeme) ngapi. Barua inayosema tu "hatuna pingamizi" haisaidii, kwa sababu majitaka ya ghorofa kumi yatatafuta njia mtaani.

Kibali cha ujenzi nacho kitaje idadi ya ghorofa, na mkataba wa ubia utaje idadi hiyo hiyo. Jengo lililoanguka karibu na Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 29, 2013 na kuua watu 36 lilikuwa la ubia na shirika la umma, na iliripotiwa kuwa ghorofa zake zilizidi zilizoidhinishwa. Mhandisi wa jiji akague kila sakafu kabla ya inayofuata kumwagwa zege, na majengo ya jirani yapigwe picha nyufa zake kabla ya kuchimba.

Kuhusu mahali pa muda watakapokaa wafanyabiashara wakati wa ujenzi, fundisho liko Karume, Ilala. Machinga Complex ilijengwa na Jiji kwa mkopo wa NSSF, lakini ghorofa za juu zikakosa wafanyabiashara. Mnunuzi wa soksi na chaja hapandi ngazi. Hununua njiani akielekea kituoni. Eneo la muda liwe chini, kwenye njia ya daladala, na kodi isipande mpaka siku ya kurejea.

Mkataba uwe na dhamana ya benki inayolipa kodi za walioondolewa kila mwezi wa kuchelewa, na kifungu cha kurudisha ardhi ujenzi usipoanza kwa muda uliotajwa. Upite Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, kisha Kamati ya Fedha, ndipo Baraza, na madiwani wapewe mkataba kamili, si muhtasari wa kurasa tatu asubuhi ya kikao.

Gharama za kuendesha jengo zipigiwe hesabu mapema pia. Nyumba 60 zenye lifti, pampu, mlinzi na taa za ngazi vinavyokula milioni 3 kwa mwezi ni shilingi 50,000 kwa kila kaya, juu ya kodi. Kwa mjane aliyekuwa akilipa kodi ya kota, hiyo peke yake inatosha kumfanya auze nafasi yake kwa dalali ndani ya mwaka. Maduka ya ghorofa ya chini yabebe sehemu kubwa ya gharama hizo, na kiwango hicho kiandikwe kwenye kanuni za umoja wa wamiliki kabla ya hati za sehemu za jengo, yaani hati ya kila nyumba peke yake, kutolewa.