Kwa muuguzi anayeanza kazi ya tohara: ganzi, namba 6 na wiki sita

Wauguzi wapya kwenye timu za tohara ya hiari hutamani kushika kisu mapema. Lakini kukata na kushona huchukua kama nusu saa tu. Makosa mengi huzaliwa kabla ya hapo, kwenye ushauri na kwenye bomba la ganzi, au baadaye mteja akiwa kwake.

Majaribio ya Orange Farm (Afrika Kusini), Kisumu (Kenya) na Rakai (Uganda) yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke, na mwaka 2007 WHO na UNAIDS wakaipendekeza. Mteja akisikia "kinga" huelewa kinga kamili. Mwambie bila kuzunguka: kaka, kondomu bado unaihitaji. Kupima VVU unamhimiza, humlazimishi.

Kisha mkague kwa macho yako, usitegemee maelezo yake. Mwenye usaha au vidonda atibiwe kwanza. Ukikuta tundu la mkojo liko upande wa chini wa uume badala ya nchani, usikate: govi hilo ndilo ngozi ambayo daktari bingwa ataitumia kumrekebisha. Muulize pia kama aling'olewa jino damu ikagoma kukata.

Ganzi ndiyo mahali pa kuwa mwoga. Kiwango cha juu cha lignokaini ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mpime kwenye mizani, usikisie. Kijana wa kilo 50 anastahili miligramu zisizozidi 150. Ikiwa chupa ni ya asilimia 1, hiyo ni mililita 15. Ikiwa ni ya asilimia 2, ni mililita 7.5 tu. Chupa hizi hufanana, na aliyezoea ya kwanza akishika ya pili bila kusoma anampa mteja dozi maradufu. Isome kwa sauti, mwenzako aisome pia. Yenye adrenalini isikaribie meza yenu. Vuta bomba kabla ya kusukuma. Damu ikiingia, hamisha sindano. Subiri dakika tatu hadi tano, kisha bana ngozi kwa koleo pande zote, hasa chini, kwani huko ndiko ganzi husahaulika na mteja akaruka katikati ya kazi.

Kuhusu kuelekezana: uume huchukuliwa kama uso wa saa, juu ni 12 na chini ni 6. Kwa Kiswahili "saa sita" ni mshale kuwa kwenye 12, kwa hiyo msiseme "saa" kabisa. Semeni "namba 12", "namba 6". Kosa hapa si dogo. Kwenye namba 6 kuna kikanda cha ngozi chenye mshipa unaovuja sana, na mrija wa mkojo uko karibu mno chini yake. Mshono ukizama hapo, mteja anaweza kupata tundu linalovujisha mkojo. Shona juujuu, na mashine ya kuchoma mishipa isitumike upande huo. Funga mshipa kwa uzi.

Mstari wa kukata uchorwe govi likiwa limelala kawaida. Ukichora huku umelivuta, utaondoa ngozi nyingi kuliko ulivyokusudia. Kabla ya kufunga bandeji, bonyeza kwa gozi na utazame tena: tone linalorudi sasa ndilo uvimbe wa damu wa usiku.

Mteja arudi baada ya saa 48, arudi siku ya saba, na asifanye ngono kwa wiki sita. Eleza sababu: kidonda kinaweza kuonekana kimefunga na bado kikawa mlango wa virusi, kwake au kwa mwenzi wake kama yeye tayari anavyo. Asipake majivu wala mitishamba. Damu ikiloanisha bandeji, abane kwa mkono na arudi mara moja.

Iringa na Njombe foleni hurefuka miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, na hapo ndipo daftari la marudio huachwa tupu. Andika namba mbili za simu, yake na ya ndugu. Asipotokea siku ya pili, mpigie siku hiyohiyo.