Ngaahika Ndeenda na machozi ya watu
Umeuliza mbona wahakiki wengine wanasema Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, inahubiri sana na bado watu walitoka theata wakifuta machozi. Kuhubiri inahubiri, ni kweli, lakini mhakiki anapima skripti na sisi tunaingia na historia yote, mchezo uliochezwa kijijini Kamĩrĩthũ, Limuru, 1977 na wanakijiji wenyewe, serikali ikaupiga marufuku na Ngũgĩ wa Thiong'o akafungwa karibu mwaka mzima bila kesi, halafu 2022 unarudi Kenya National Theatre, kwa Kiingereza na Kikuyu, nyimbo zinaanza na mama kando yangu anaimba neno kwa neno! Na hiyo ekari moja na nusu ya Kĩgũũnda, yule maskini kwenye mchezo anayepokonywa shamba lake na tajiri, aki, kuna familia nyingi hapa zinaijua.