Ganda la risasi la kebo kuukuu kwa chubwi na nyavu: kata kwanza, moto baadaye

Swali ni hili: mtu amenunua vipande vya kebo ya zamani ya umeme yenye ganda la risasi, ile metali laini na nzito, na anataka kutengeneza uzito wa nyavu na chubwi, yaani vizito vya mshipi. Anauliza aanze vipi kuyeyusha. Kwa nyavu, usiyeyushe kabisa. Ganda hilo limekwisha kuwa bamba laini la unene mmoja, na bamba ndilo kamba ya chini ya wavu inalolitaka.

Kwanza asili ya mzigo. Kebo iliyo bado ardhini usiiguse hata ukiambiwa ilikufa zamani, kwa sababu kwenye mtaro mmoja kebo hai na iliyokufa hulala ubavu kwa ubavu. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni na udai risiti. Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kutokana na uharibifu wa miundombinu, na anayeshikwa na risasi ya kebo bila karatasi hana la kujitetea.

Kebo hizi zina tabaka. Nje kuna juti na lami, kisha deraya, yaani kinga ya utepe au nyaya za chuma, kisha ganda la risasi, na ndani karatasi iliyoloweshwa mafuta ikizunguka shaba. Kata vipande vya nusu mita. Lami ibandue asubuhi na mapema ikiwa bado ngumu, maana jua likipanda inanata kila mahali. Deraya ikate kwa mkasi wa bati. Usitumie grainda karibu na risasi, kwani vumbi lake ndilo baya kuliko yote. Nyaya za deraya zilizopakwa zinki zitoe zote, zisiingie kwenye chungu cha kuyeyushia. Kisha pasua ganda kwa urefu kwa kisu cha kapeti, ulifungue kama ganda la muhogo, utoe karatasi kwa mkono wenye glavu. Usichome kebo nzima ili kufupisha kazi: moshi wa lami na mafuta hayo ya zamani ni sumu, na risasi inayodondoka hupotelea kwenye majivu. Shaba iweke kando. Kwa kilo, bei yake ni juu kuliko ya risasi.

Ganda la kebo yenye kipenyo cha milimita 40 na unene wa milimita 2 hutoa takriban kilo 2.7 kwa kila mita. Kwa wavu, lifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, likate vipande vya sentimita 3 kwa 5. Kila kimoja kitakuwa na gramu 34 hivi. Kizungushie kwenye kamba, ukigonge kwa nyundo ya mbao juu ya gogo hadi midomo ikutane. Nyundo ya chuma hukata nyuzi za kamba. Na tafadhali, kukaza risasi kwa meno, desturi ya wavuvi wengi, iacheni. Risasi haina kiwango salama mwilini.

Chubwi za mshipi ndizo zinazohitaji moto. Vimbe za maungio, pale mafundi walipounganisha kebo, zikate na kuziweka peke yake. Zina lehemu ambayo karibu theluthi yake ni bati (metali ya tin, si mabati ya paa), na mafundi wa kulehemu watakulipa vizuri zaidi. Sehemu nyingine ya ganda ni risasi karibu tupu, au imetiwa bati na antimoni kidogo, chini ya asilimia moja. Baadhi ya maganda ya Uingereza yalitiwa pia kadimiamu, metali yenye sumu, nayo ni sababu nyingine ya kufanyia kazi uwanjani, upepo ukitoka mgongoni.

Chungu kiwe cha chuma kizito. Sufuria zetu za alumini hulegea kwa joto hilo na kitako kinaweza kuachia ghafla. Chungu na jiko hilo visirudi jikoni tena. Vipande vikauke juani siku mbili, kwa kuwa karatasi na mikunjo huficha maji, na tone moja likizama chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke wa zaidi ya mara 1,600 ya ujazo wake na kurusha chungu kizima usoni. Ukiongeza kipande, kipashe moto kwanza ukingoni.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Mimina ikiwa kati ya 360 na 400. Kitako cha chungu kikiwa chekundu, umepita mno. Tupia nta ya ukubwa wa njegere, koroga kwa kijiko kikavu cha chuma, uengue taka ya juu.

Kalibu rahisi, yaani umbo la kumiminia, ni bomba la chuma jeusi lenye uwazi wa milimita 16. Lile lililopakwa zinki liache. Lipasue kwa urefu, ulifunge tena kwa waya, ulisimamishe kwenye mchanga mkavu. Urefu wa sentimita 5 hutoa chubwi ya takriban gramu 112, ukitoa tundu la katikati, yaani karibu tisa kwa kilo. Paka masizi ya mshumaa ndani, simamisha spoku ya baiskeli katikati kwa ajili ya tundu, pasha kalibu joto, ndipo umimine kwa mkupuo mmoja. Spoku ivute kwa koleo risasi ikiwa bado moto.

Chubwi ikitoka na mikunjo, kalibu ilikuwa baridi au ina mafuta. Ikiwa na vitundu, kuna unyevu. Shimo juu ni kusinyaa kwa kawaida, asilimia 3 hadi 4, kwa hiyo ongeza risasi kidogo kabla haijaganda.

Betri za gari usizichanganye humu hata kwa kilo moja. Zina asidi na vumbi la risasi, na taka yake ikilowa inaweza kutoa gesi ya sumu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watoto waliumia kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Taka ya juu ya chungu chako nayo ifungie kwenye kopo la chuma lenye kifuniko umpe mnunuzi wa risasi, isitupwe shambani wala baharini. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na watoto na wajawazito wasikaribie uwanja huo hadi umefagiliwa kwa maji.